Kutoka Moyo wa Mama hadi Damu ya Mama

Kila Idi simu ya Tanga huingia kabla hatujanywa chai. Mama huiweka mezani na kufungua sauti ili wote tusikie, na shangazi zangu husalimia mmoja mmoja: mimi, dada yangu, kisha mdogo wetu, ambaye hajibu. Ana miaka kumi na minne na ana usonji. Shangazi mkubwa akichoka kungoja jibu huuliza swali lilelile la kila mwaka: "Hivi wifi, mimba ile ulipatwa na nini?" Hana nia mbaya, anampenda sana mdogo wangu na humtumia kanzu kila Ramadhani. Lakini Mama hunyamaza, kisha hubadilisha mazungumzo.

Muhula uliopita nilisoma somo la kinga ya mwili hapa chuoni, na wiki mbili nzima zilihusu mama na mtoto aliye tumboni. Nikagundua kwamba swali la shangazi lina historia ndefu, na kwamba wataalamu wakubwa walilijibu vibaya sana kabla ya kuanza kulijibu vizuri. Kuna jambo jingine ambalo wasomaji wanapaswa kulijua mapema: Mama ana baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili huvishambulia viungo vya mwili wenyewe. Mbele mtaona kwa nini nimelitaja.

Historia hii kwa kawaida huanzia Baltimore. Mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa watoto wenye matatizo ya akili katika hospitali ya Johns Hopkins, alichapisha makala kuhusu watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3, waliopenda kuwa peke yao na kutaka kila kitu kibaki vilevile siku zote. (Tumpe haki yake pia Grunya Sukhareva wa Moscow, aliyewaeleza watoto wanaofanana na hao katikati ya miaka ya 1920, ila wachache walimsoma.) Kanner alisema mambo mawili ambayo hayakukaa vizuri pamoja. La kwanza, kwamba watoto hawa walizaliwa hivyo. La pili, kwamba wazazi wao walikuwa watu wa vitabu na kazi, na wachache tu kati yao walikuwa na uchangamfu. Mimi nikisoma orodha ya wazazi hao naona kitu kingine: katika miaka ile, nani angeweza kumfikisha mtoto wake kwa bingwa wa Johns Hopkins kama si mwenye elimu na pesa? Lakini miaka michache baadaye Kanner mwenyewe aliwafananisha wazazi na majokofu, na mfano huo ukashika kuliko yote aliyoyaandika kwa uangalifu.

Aliyeufikisha mfano huo mbali zaidi ni Bruno Bettelheim. Alikuwa amefungwa katika kambi za Wanazi za Dachau na Buchenwald, akaponea, akaja Marekani na kuongoza shule ya watoto huko Chicago. Katika kitabu chake cha mwaka 1967 alidai kwamba mtoto mwenye usonji amejifungia ndani kama mfungwa aliyekata tamaa, kwa sababu amehisi kwamba mzazi wake hakutaka awepo. Fikirini uzito wake: mama anafananishwa na mlinzi wa kambi ya mateso, na anayesema ni mtu aliyeijua kambi yenyewe, kwa hiyo nani angembishia? Tiba iliyotokana na fikra hiyo ilikuwa kumtenga mtoto na wazazi. Kwetu pwani mama ataambiwa kuna jini, au jicho la watu, na lawama humwangukia jirani. Akina mama wa Chicago hawakuwa hata na jirani wa kumtupia.

Aliyeivunja nadharia hii alikuwa baba. Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyefanya kazi na jeshi la majini huko San Diego, alipata mtoto wa kiume mwaka 1956 na baada ya muda akatambua mwenyewe kwamba ni usonji. Alisoma kila kilichoandikwa juu ya hali hiyo, na mwaka 1964 akatoa kitabu kilichoonyesha kwamba ushahidi wa kuwalaumu wazazi haukuwapo kabisa, na kwamba chanzo kitafutwe katika ubongo na katika urithi. Dibaji aliiandika Kanner. Mwaka 1969 Kanner alisimama Washington mbele ya wazazi waliokusanyika na kuwatangazia kwamba hawana hatia. Profesa wetu alisema baadhi yao walilia. Mimi nimebaki na swali la wale ambao hawakuwepo ukumbini.

Hatua iliyofuata ilitoka Uingereza. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha utafiti wa jozi 21 za mapacha. Kati ya jozi 11 za mapacha wanaofanana kabisa, jozi 4 zilikuwa na usonji kwa wote wawili. Kati ya jozi 10 za mapacha wasiofanana, hakuna hata moja. Hesabu ni ndogo, lakini ilitosha kuonyesha kwamba urithi una nafasi kubwa. Likumbukeni jina la Folstein, litarudi.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana habari ya kinga ya mwili haikuanzia kwa mapacha. Ilianzia kwenye rubela, ugonjwa wa vipele ambao kwa mtu mzima huisha kwa siku chache na wengi hata hawaukumbuki. Mwaka 1941 Norman Gregg, daktari wa macho wa Sydney, aliona watoto wengi mno wakizaliwa na mtoto wa jicho, akagundua kwamba mama zao walipata rubela mwanzoni mwa mimba. Mwaka 1964 na 1965 rubela ilienea Marekani nzima. Inakadiriwa watu milioni 12.5 waliugua, na watoto wapatao 20,000 walizaliwa na madhara: uziwi, upofu, maradhi ya moyo. Huko New York daktari Stella Chess aliwafuatilia watoto 243 kati yao. Mwaka 1971 aliripoti kwamba 10 walikuwa na usonji kamili na wengine 8 walikuwa na baadhi ya dalili zake. Ili muone ukubwa wa jambo lenyewe: utafiti wa Victor Lotter katika wilaya ya Middlesex, Uingereza, wa mwaka 1966, ulikuwa umepata watoto wanne na nusu tu katika kila 10,000.

Hapa pana mambo mawili ya kutochanganya. Virusi vya rubela huingia kwa mtoto vyenyewe na kumdhuru, kwa hiyo si kinga ya mama peke yake iliyohusika. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza kulikuwa na jambo lililotokea mwilini mwa mama wakati wa mimba, lisilohusu tabia yake wala mapenzi yake, lililoweza kuhesabiwa. Tena lingeweza kuzuiwa. Chanjo ya rubela ilianza kutumika Marekani mwaka 1969, na mwaka 2004 ikatangazwa kwamba ugonjwa huo hausambai tena wenyewe nchini humo. Tanzania iliingiza chanjo ya surua na rubela mwaka 2014. Nilipomwambia Mama hivyo alihesabu kwa vidole wajukuu wa Bibi waliozaliwa kabla ya mwaka huo.

Swali la pili lilitoka kwa Peter Medawar, Mwingereza aliyechunguza kwa nini mwili hukataa ngozi ya mtu mwingine ikipandikizwa. Mwaka 1953 aliuliza: kama mwili hukataa kila kigeni, mbona mama hamkatai mtoto, ambaye nusu yake imetoka kwa baba? Methali yetu humpa mgeni siku mbili kabla ya kumkabidhi jembe. Mgeni huyu hupewa miezi tisa, na chakula juu.

Jibu kamili la Medawar bado linatafutwa, lakini sehemu yake imo katika kitu kinachoitwa HLA. Hizi ni protini zilizo juu ya seli zetu, mithili ya kitambulisho: kinga ya mwili huzikagua na kujua huyu ni wa nyumbani au ni mvamizi. Jean Dausset, Mfaransa, alikieleza cha kwanza mwaka 1958, na mwaka 1980 akapata tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Jeni za vitambulisho hivi zimepangana katika kromosomu ya 6, na kila mmoja wetu hurithi seti moja kwa baba na moja kwa mama. Baadhi ya aina zake huonekana zaidi kwa watu ambao kinga yao hushambulia mwili wenyewe. Aina iitwayo DR4, kwa mfano, imehusishwa kwa muda mrefu na baridi yabisi.

Mtu wa kwanza kuunganisha HLA na usonji kwa bidii alikuwa Edward Stubbs wa Oregon. Mwaka 1976 aliwapima watoto wenye usonji waliokwisha kuchanjwa rubela, na kati ya 13, watano hawakuonekana kuwa na kingamwili za kutosha kupimika. Akajiuliza kama kinga yao inafanya kazi kwa namna tofauti. Mwaka 1985 yeye na wenzake wakageukia wazazi, wakaripoti kwamba baba na mama wa watoto wenye usonji walifanana vitambulisho vya HLA mara nyingi kuliko ilivyotarajiwa. Wazo lao lilikuwa kwamba kama mgeni anafanana mno na mwenyeji, huenda mwili wa mama haupati ishara ya kumlinda. Katika miaka ya mwanzo ya 1990, Reed Warren na wenzake katika chuo kikuu cha jimbo la Utah waliripoti kwamba DR4, pamoja na jeni moja jirani yake ambayo haifanyi kazi, zilionekana zaidi kwa watoto wenye usonji.

Halafu ukaja mwaka 1999, ambao kwangu ndio mwaka wa kuvutia kuliko yote katika habari hii. Kundi moja la watafiti lilichunguza familia 90 zenye ndugu zaidi ya mmoja mwenye usonji na halikuona kabisa kwamba ndugu hao wanarithi eneo la HLA kwa pamoja. Mlango ukaonekana kufungwa. Lakini mwaka uleule Anne Comi, Andrew Zimmerman na wenzao, huko huko Baltimore kwa Kanner, waliwauliza wazazi wa watoto 61 wenye usonji na wazazi wa watoto 46 wasio nao kuhusu magonjwa ya kinga kujishambulia katika ukoo. Miongoni mwa akina mama wa kundi la kwanza, asilimia 16 walikuwa na ugonjwa wa namna hiyo. Kundi la pili, asilimia 2. Sasa inakuwaje familia ziwe na magonjwa ya kinga, lakini watoto wasiwe wamerithi jeni za kinga?

Njia moja ya kutoka hapo ni kwamba tulikuwa tunamtazama mtu asiye sahihi. Huenda jeni haifanyi kazi ndani ya mtoto. Huenda inafanya kazi ndani ya mama, kwa miezi tisa tu, na mtoto anaweza kuzaliwa bila kuirithi. Mwaka 2009 William Johnson na wenzake wa New Jersey walichapisha utafiti wa familia chache ambao walipima vizazi vitatu. DR4 ilikuwa imepita kutoka kwa bibi na babu kwenda kwa mama mara nyingi kuliko bahati nasibu ingeruhusu. Kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, hapana. Familia zilikuwa chache mno kuweza kufunga mjadala, na hilo lazima lisemwe. Lakini nilipofika hapo nilifunga kompyuta nikaenda kutembea, kwa sababu nilimwona Bibi yangu mzaa mama, marehemu, ambaye vidole vyake vilikuwa vimepinda kama mizizi ya mkoko, na ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza swali lolote.

Wakati huo maabara nyingine zilikuwa zinatafuta njia yenyewe. Mama humpa mtoto kingamwili zake kupitia kondo la nyuma, ndizo zinazomlinda miezi ya kwanza ya maisha. Ni zawadi. Katika chuo kikuu cha California kilichopo Davis, Judy Van de Water na wenzake waliripoti mwaka 2008 kwamba akina mama 7 kati ya 61 wa watoto wenye usonji walikuwa na kingamwili za aina fulani zinazoshika protini za ubongo wa mtoto aliye tumboni. Kati ya mama 62 wa watoto wasio na usonji hakuna aliyekuwa nazo. Mwaka 2007 Paul Patterson na wenzake wa Caltech walikuwa wamewachoma panya wenye mimba dawa inayoudanganya mwili kwamba kuna virusi. Hakukuwa na virusi vyovyote, ila kinga iliamka, na watoto wa panya hao wakakua na tabia tofauti. Walipoizuia protini moja ya kinga ya mama, iitwayo interlukini-6, tabia hizo hazikutokea. Hapo ndipo tofauti na rubela ilipo: safari hii aliyemfikia mtoto hakuwa mdudu, bali ni kelele za walinzi. Panya si binadamu, na hakuna anayeweza kuniambia panya mwenye usonji anajisikiaje.

Wadenmaki wao hawakuhitaji panya. Kila mkazi wao ana namba moja ya maisha yake yote tangu mwaka 1968, na hospitali huandika kila kitu dhidi ya namba hiyo. Mwaka 2009 Hjördís Atladóttir na wenzake walitazama watoto 689,196 waliozaliwa Denmark kati ya 1993 na 2004. Kati yao 3,325 walikuwa na usonji. Usonji ulionekana zaidi kidogo pale mama alipokuwa na baridi yabisi, au ugonjwa wa utumbo unaochochewa na ngano, au pale familia ilipokuwa na kisukari cha aina ya kwanza. Neno la kushikilia hapa ni "kidogo". Watoto walio wengi sana wa mama wenye baridi yabisi hawana usonji, na watoto walio wengi wenye usonji hawana mama mwenye baridi yabisi. Mimi na dada yangu tulitoka tumbo lilelile. Tena, uchunguzi mkubwa wa jeni uliochapishwa mwaka 2019, wa watu 18,381 wenye usonji, ulipata sehemu tano za jeni zenye uhakika, na hakuna hata moja iliyokuwa katika HLA. Kwa hiyo kinga ya mama, kama inahusika, ni uzi mmoja katika mkeka mpana.

Nalazimika kusimama hapa kwa sababu ya neno "kinga". Kila ninapolitaja mbele ya watu wa jumuiya yetu, mtu huuliza kuhusu chanjo. Makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998, kuhusu watoto 12, ilifutwa rasmi na jarida lililoichapisha mwaka 2010, na mwaka huohuo akaondolewa katika orodha ya madaktari wa Uingereza. Tafiti kubwa zilizofuata, zikiwamo za Denmark, hazikuona uhusiano wowote kati ya chanjo na usonji. Ukitazama habari ya rubela, chanjo ndiyo iliyozuia usonji wa aina ile. Sitaongeza zaidi.

Na kwetu je? Lotter, yule wa Middlesex, alizunguka nchi sita za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo, akachapisha mwaka 1978 kwamba usonji upo huko pia, wakati ambapo wengi Ulaya waliudhani ni ugonjwa wa jamii zao. Kisha mwaka 2006 likatoka chapisho kuhusu watoto 20 wa Tanzania, na kati ya waandishi wake alikuwamo Susan Folstein, yule wa mapacha. Watoto 14 walitimiza vigezo kamili vya usonji. Watatu kati yao walikuwa wamekua vizuri hadi walipopata malaria kali, yenye homa ya muda mrefu na degedege, na usonji ukaonekana walipopona. Kwa wengine wanne malaria na usonji vilikaribiana, lakini ingeweza kuwa sadfa tu. Mwanamke aliyeonyesha dunia nguvu ya urithi, karibu miaka thelathini baadaye, alikuwa akiandika kuhusu homa ya mtoto wa Kitanzania. Napenda kwamba hakung'ang'ania jibu lake la kwanza.

Kwa wiki kadhaa sikumwambia Mama lolote kuhusu Denmark. Niliogopa kuwa Bettelheim mwingine, mwenye takwimu badala ya jokofu. Mwishowe nilimweleza jikoni, yeye akikuna nazi kwa mikono ile ile inayomuuma, nami nikijaribu kutafuta Kiswahili cha kila neno. Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Kwa hiyo ni damu yangu?" Nikasema huenda, kidogo, na damu ya Bibi, na ya babake Bibi ambaye hatukumjua, na damu ya Baba pia, na mambo mengine mengi ambayo hakuna aliyeyachagua. Akaendelea kukuna. Akauliza kama ningelijua hili kabla mdogo wangu hajazaliwa, angeweza kufanya nini. Nikamwambia: atumie dawa zake kama daktari alivyomwandikia, achanjwe, akipata homa kali aende hospitali mapema. "Yote hayo niliyafanya," akasema.

Kisha akasema Idi ijayo hatajibu swali la wifi yake. Nitalijibu mimi, na nilijibu kwa Kiswahili cha kueleweka Tanga, si hiki cha darasani. Bado natafuta namna ya kusema "kondo la nyuma" kwenye simu yenye sauti wazi, mbele ya baba zangu wakubwa.